Michoro ya Obata kutoka Topaz: chuo kikuu hupokea nini kinapopokea karatasi za wakati wa vita?

Katika majira ya kuchipua ya 1942, Marekani ikiwa vitani na Japani, Chiura Obata, mchoraji aliyehamia Marekani kutoka Japani, aliuza picha zake muda mfupi kabla ya serikali kumwondoa nyumbani kwake na kumfungia kambini. Aliziuza ndani ya Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alikokuwa akifundisha sanaa tangu 1932. Fedha zilizopatikana hakuzitia mfukoni. Alizitoa ziwe msaada wa masomo kwa wanafunzi walioathiriwa na vita, bila kujali asili yao. Kazi nyingine alizikabidhi kwa marafiki, na rais wa chuo mwenyewe, Robert Gordon Sproul, alikubali kumtunzia baadhi. Mwisho wa Aprili, Obata na familia yake walikwenda walikoamriwa kukusanyika, wakiwa na mizigo ile tu waliyoweza kuibeba kwa mikono.

Nimeanza na mauzo hayo kwa sababu kisa hiki hakimhusu msanii peke yake. Kinavihusu vyuo vikuu pia. Chuo kimoja kilimwajiri, kikamwona akiondolewa, kikamhifadhia mali yake, kisha kikamrudisha darasani vita vilipokwisha. Chuo kingine, cha Utah, leo kina sehemu ya kazi zake katika jimbo lile lile alikozuiliwa. Ninachotaka kuchambua ni jambo moja: jumba la sanaa la chuo linapopokea michoro iliyochorwa na mtu aliye kizuizini, limepokea kitu cha namna gani, na linawajibika kwa nani? Jibu langu nitalisema mapema ili msomaji alipime kadiri tunavyoendelea. Limepokea ushahidi uliovaa umbo la sanaa. Kuutunza ushahidi huo kwa taratibu za sanaa peke yake ni kuupokonya nusu ya thamani yake.

Yaliyompata

Tarehe 19 Februari 1942, Rais Franklin D. Roosevelt alitia saini Amri ya Utendaji namba 9066. Kwa nguvu ya amri hiyo, watu wapatao 120,000 wenye asili ya Kijapani waliondolewa katika pwani ya magharibi ya Marekani na kufungiwa kambini. Theluthi mbili yao walikuwa raia wa Marekani kwa kuzaliwa. Obata hakuwa raia, na hilo halikuwa chaguo lake. Aliingia San Francisco mwaka 1903 akiwa kijana wa miaka 17, lakini sheria ya wakati ule ilimfungia mhamiaji kutoka Japani mlango wa uraia. Aliupata mwaka 1954, mwaka ule ule aliostaafu kufundisha.

Hakuwa mgeni wa kuchora maafa. Tetemeko la 1906 lilipoibomoa San Francisco, alizunguka magofuni akichora alichokiona, mji ukiwa bado unafuka moshi. Mwaka 1927 alikwenda milima ya Sierra Nevada na bonde la Yosemite, na kazi zaidi ya 100 alizozitoa safari hiyo ndizo zilizomjengea jina. Kwa hiyo mtu aliyeingia kambini mwaka 1942 alikuwa na mkono uliokwisha kuzoea kuchora haraka, mahali penyewe, jambo likiwa linatendeka.

Kambi ya kwanza ilikuwa Tanforan, uwanja wa mbio za farasi huko San Bruno, kusini mwa San Francisco. Watu karibu 8,000 walipangwa humo, na familia nyingi zililala katika mabanda ya farasi yaliyopigwa chokaa juu juu. Kabla mwezi wa Mei haujaisha, Obata na wenzake, akiwemo mchoraji George Matsusaburo Hibi, walikuwa wamefungua shule ya sanaa. Wanafunzi walizidi 600, kuanzia watoto wa miaka sita hadi wazee. Vifaa vilitoka kwa marafiki walio nje. Septemba 1942 walihamishiwa Topaz, katika jangwa la Sevier jimboni Utah, zaidi ya kilomita 200 kutoka Salt Lake City. Ni nyanda za juu, kiasi cha mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, zenye jua kali wakati wa kiangazi, baridi ya kuuma wakati wa kipupwe, na vumbi laini kama unga lililopenya kila ufa wa mabweni ya mbao. Shule ya sanaa ikafunguliwa tena huko.

Muda wote huo alichora. Kuna watu wakisubiri kuondoka Berkeley, watu wakizungumza na wageni wao kupitia ua, dhoruba ya vumbi, mwezi juu ya mapaa ya kambi. Nyingi ni kazi za sumi, yaani wino mweusi wa Kijapani, za mistari michache iliyopigwa kwa brashi iliyojaa, mkono ukienda bila kurudi nyuma. Wasiouzoea uchoraji wa Kijapani huziona kama kazi ambazo hazijamalizwa, na hapo ndipo watunzaji wengi wa zamani walipokosea. Mstari wa sumi haufutiki wala haurekebishwi. Ukishapigwa umepigwa. Kwa hiyo karatasi inabeba si taswira tu bali pia mwendo wa mkono wa siku ile, kasi yake na uzito wake.

Tukumbuke pia kwamba wazuiliwa walikatazwa kuwa na kamera. Picha za kambi zilizopigwa wakati ule zilipigwa kwa sehemu kubwa na wapiga picha waliotumwa na serikali au kuruhusiwa nayo. Dorothea Lange, aliyeajiriwa na serikali kupiga picha za uhamisho, alijikuta picha zake nyingi zikizuiliwa zisionekane kwa muda wote wa vita. Ipo filamu ya Topaz iliyopigwa kwa siri na Dave Tatsuno, kwa kamera ya milimita 8 iliyoingizwa kinyemela. Mwaka 1996 iliingizwa katika Sajili ya Taifa ya Filamu ya Marekani. Hiyo ni nadra. Kwa mambo mengi ya ndani, jicho la mzuiliwa lilikuwa na brashi na penseli tu. Miné Okubo, msanii aliyekuwa kambi zile zile na aliyefundisha katika shule ile ile, aliweka kumbukumbu ya maisha hayo kwa kalamu na wino, siku baada ya siku, bwalo kwa bwalo, foleni kwa foleni.

Picha mbili, kambi moja

Kisa kinakuwa wazi zaidi tukiweka kazi mbili za Obata ubavu kwa ubavu.

Ya kwanza ni picha ya rangi za maji juu ya hariri, inayoonyesha Topaz chini ya mwanga wa mwezi. Mwaka 1943, Jumuiya ya Raia Wamarekani wenye Asili ya Kijapani ilimkabidhi Eleanor Roosevelt, mke wa Rais, picha hiyo kama shukrani. Leo imo katika maktaba ya kumbukumbu za Rais Roosevelt huko Hyde Park. Ni kazi tulivu na nzuri. Kambi ipo, lakini ni ndogo mbele ya mbingu na milima.

Ya pili ni mchoro wa sumi wa Aprili 1943. Mtu anaanguka karibu na ua wa seng'enge, na mbwa yuko kando yake. Mtu huyo ni James Hatsuaki Wakasa, mwenye umri wa miaka 63, aliyepigwa risasi na askari wa mnara wa ulinzi jioni ya tarehe 11 Aprili 1943 akiwa matembezini na mbwa. Maelezo ya kwanza ya upande wa serikali yalisema alikuwa akijaribu kupenya ua atoroke. Uchunguzi ulionyesha kwamba risasi ilimwingia kifuani, naye alianguka ndani ya ua. Askari alifikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi na kuachiwa huru. Wazuiliwa walimfanyia Wakasa mazishi makubwa, wanawake wakatengeneza mashada ya maua ya karatasi, kisha baadhi ya wanaume wakasimamisha jiwe la kumbukumbu mahali alipoangukia. Uongozi wa kambi ukaamuru liondolewe.

Mpe mtu yeyote picha hizi mbili bila maelezo, umwambie achague ya kutundika ukumbini. Atachagua ya kwanza, na simlaumu. Ni kubwa, ina rangi, imekamilika kwa kila kipimo cha ukumbi wa maonyesho. Ule mchoro wa pili ni karatasi ya kuweka katika droo. Mgawanyo huo wa ukumbi na droo umeamua kwa miongo mingi kipi cha kambi kionekane na kipi kisubiri watafiti. Katika vyuo mgawanyo huo una hata majengo yake. Kazi iliyokamilika huenda jumba la sanaa. Karatasi, barua na michoro midogo huenda maktaba, chumba cha nyaraka maalum. Mchora ni mmoja, mwaka ni mmoja, pengine hata bweni ni moja, lakini vitu vinaishia kwenye orodha mbili zisizozungumza. Picha za Topaz za Hibi, kwa mfano, zimehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, pamoja na nyaraka za utafiti kuhusu Wamarekani wenye asili ya Kijapani. Kwa upande mmoja hilo limezifaa, kwa kuwa zimekaa karibu na maandishi yanayozieleza. Kwa upande mwingine, mtu anayetafuta sanaa ya Marekani ya miaka ya 1940 hafikirii kuanzia kwenye masanduku ya nyaraka.

Je, alishuhudia?

Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu ni hapa mtunzaji mwenye haraka hujikwaa.

Februari 1943 serikali iliwagawia wazuiliwa wote watu wazima dodoso la kupima uaminifu wao kwa Marekani. Lilizigawanya familia na kuzijaza kambi shuku. Obata, aliyeshirikiana na uongozi ili shule yake iende, alionekana na baadhi ya wenzake kuwa mtu wa serikali. Mwanzoni mwa Aprili, usiku, mzuiliwa mmoja alimshambulia na kumjeruhi, akalazwa hospitali ya kambi kwa zaidi ya wiki mbili. Alipopata nafuu aliruhusiwa kuondoka Topaz kwa usalama wake. Familia ikahamia St. Louis, ambako mwanawe Gyo alikuwa amekwisha kwenda kusomea usanifu majengo ili kuikwepa kambi. Uongozi wa shule ya sanaa ukabaki kwa Hibi.

Sasa tuzisome tarehe. Wakasa aliuawa tarehe 11 Aprili. Obata alishambuliwa siku chache kabla. Mtu aliyelala hospitalini na jeraha hakuwa kando ya ua jioni ile. Mchoro wa Wakasa, basi, haukutoka machoni pake. Ulitoka kwa alichosimuliwa.

Je, hilo linaupunguzia thamani? Wapo watakaosema ndiyo, kwamba ushahidi wa kusikia si ushahidi. Mimi nasema linabadilisha kile ambacho mchoro unakishuhudia. Hautuambii kwa uhakika mkono wa Wakasa ulielekea wapi alipoanguka. Unatuambia habari gani ilikuwa ikipita kambini siku hizo: kwamba mzee aliuawa akitembea, si akitoroka. Ni kumbukumbu ya jinsi wazuiliwa walivyokielewa kifo hicho, iliyowekwa na mtu ambaye wakati uleule alikuwa ameumizwa na mzuiliwa mwenzake. Mtu huyo hakuwa na sababu nyepesi ya kuipamba kambi wala ya kuwapamba waliomo. Aliuchora ule mchoro hata hivyo.

Hayo yote hayaonekani kwenye karatasi. Yanaonekana tu mtu akiweka pamoja mchoro, tarehe yake, rekodi ya hospitali, barua za familia na taarifa ya mauaji. Karatasi za Obata ziko katika Hifadhi ya Sanaa ya Marekani ya Smithsonian, taasisi ya makumbusho ya taifa; rekodi za serikali ziko Hifadhi ya Taifa; kazi zenyewe zimetawanyika. Jumba linaloandika tu "sumi juu ya karatasi, 1943" halijadanganya, lakini limemwacha mtazamaji adhani kwamba mchoraji alisimama pale.

Kuna jambo jingine linalofichwa na kadi fupi. Wanafunzi hupenda kuambiwa kwamba kambini watu wote walikuwa kitu kimoja. Jeraha la Obata linasema vinginevyo. Jumba la chuo lina wajibu wa kulieleza bila kulifanya kashfa, na bila kumhukumu aliyempiga kana kwamba sisi tuliwahi kutiwa nyuma ya seng'enge na kuulizwa kwa dodoso kama tunalipenda taifa lililotufunga.

Karatasi yenyewe

Ya kiufundi nitayasema kwa ufupi. Wino wa sumi umetokana na masizi ya kaboni na gundi ya wanyama, kwa hiyo wenyewe haufifii kwa mwanga. Kinachoharibika ni karatasi iliyo chini yake, hasa ikiwa ni ile ya bei nafuu yenye asidi, ambayo hugeuka njano kisha kahawia na kuanza kukatika. Rangi za maji ni dhaifu zaidi, na mwanga uliokwisha kuzila haurudishi kitu. Ndiyo maana kazi za karatasi huonyeshwa kwa mwanga hafifu, kwa kawaida usiozidi luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga), kwa miezi michache, kisha hurudishwa gizani kupumzika kwa muda mrefu. Hariri ina shida yake: katika hewa kavu kama ya Utah hukakamaa na kupasuka, hivyo unyevu wa chumba lazima udhibitiwe mwaka mzima. Hizi ni gharama za kudumu, si za siku ya ufunguzi, na chuo kinachopokea zawadi bila kuzitengea fungu kinapokea mzigo kisichoweza kuubeba.

La kuongeza ni hili. Mtunza karatasi aliyefundishwa vyema atataka kusafisha, kunyoosha mikunjo na kubandua gamu ya zamani. Kwa michoro ya kambi nashauri asimame kwanza. Mkunjo unaweza kuwa alama ya jinsi karatasi ilivyosafirishwa katika mizigo michache waliyoruhusiwa. Upande wa nyuma unaweza kuwa na maandishi, namba ya familia au jina la aliyepewa. Vipigwe picha pande zote mbili na kuelezwa kabla ya kuguswa.

Mali ya nani?

Aprili 2015, kampuni moja ya mnada ya Marekani ilitangaza kuuza vitu vipatavyo 450 vilivyotengenezwa kambini: picha, nakshi za mbao, vibao vya majina, vito vya kujitengenezea. Vilikuwa vimekusanywa na Allen Hendershott Eaton, mwanazuoni wa sanaa za mikono, ambaye wazuiliwa walimpa wakiamini vitaonyeshwa ili umma ujue yaliyowapata. Vikarithiwa, kisha vikafika mnadani. Watoto na wajukuu waliona katika katalogi mali na picha za jamaa zao zikiwa na bei ya kuanzia. Kelele zilikuwa kubwa hadi mnada ukafutwa kabla ya siku yake, na mkusanyiko ukaenda Jumba la Taifa la Wamarekani wenye Asili ya Kijapani, Los Angeles.

Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa mali haikupotea, ila habari ya ahadi iliyofuatana nayo ndiyo iliyokatika njiani, kwa kuwa aliyepokea hakuiandika kwa namna ambayo warithi wake wangelazimika kuiheshimu. Kila jumba la chuo lina masanduku ya aina hiyo, ya vitu vilivyoletwa na profesa fulani au mjane wa mwanajeshi fulani, vikiwa na karatasi moja ya shukrani na basi. Katika jambo hili kazi za Obata zina bahati. Familia yake ilizitunza, ikaziandikia, na ndiyo iliyoshiriki kuamua ziende wapi. Mwanzoni mwa miaka ya 2020, Jumba la Sanaa la Utah, lililo ndani ya Chuo Kikuu cha Utah, lilipata zaidi ya kazi 30 kutoka katika urithi wake. Kabla ya hapo, 2018, onyesho kubwa la kazi zake lilianzia jumba la sanaa la Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, likapita Utah na Okayama, mkoa wa kuzaliwa kwake, na likahitimishwa Washington katika jumba la Smithsonian. Njia hiyo inaonyesha jinsi vyuo vinavyoweza kumtoa msanii droo hadi ukumbini bila kuikata kamba inayomfunga na jamaa zake.

Kuna na upande wa sheria ambao wasimamizi wengi huusahau. Kumiliki karatasi si kumiliki haki ya kuinakili. Obata alifariki 1975, na kwa sheria ya Marekani kazi za msanii ambazo hazikuwahi kuchapishwa hulindwa kwa miaka 70 baada ya kifo chake, yaani hadi mwisho wa 2045. Kuweka mchoro kwenye kikombe, bango au tovuti ya kuuzia zawadi kunahitaji ruhusa ya warithi. Na hata pale sheria itakapoachia, swali la heshima litabaki: mchoro wa mtu anayekufa usitumiwe kuvutia wateja.

Chuo nacho kina hesabu yake

Sehemu hii ndiyo inayokosekana mara nyingi. Majumba hupenda kueleza ya msanii na ya serikali, yakajiacha pembeni kama mtazamaji tu.

Berkeley haikuwa mtazamaji. Sproul alijitahidi wanafunzi wenye asili ya Kijapani wapate nafasi katika vyuo vya ndani ya nchi, mbali na pwani, na Obata alirudishwa kazini mwaka 1945. Hayo ni ya haki na yasemwe. Lakini mwaka huo huo wa 1942 chuo hicho kilianzisha utafiti mkubwa juu ya uhamisho, ukiongozwa na Dorothy Swaine Thomas, uliowatumia wazuiliwa wenyewe kama wakusanyaji wa habari ndani ya kambi. Daftari zao ni hazina leo katika Maktaba ya Bancroft ya chuo hicho. Wakati ule, hata hivyo, mtu aliyeonekana akiandika mambo ya wenzake kambini alishukiwa kuwa mpelelezi, na hatari hiyo aliibeba mwandishi wa kambini, si profesa aliyekaa ofisini. Wanafunzi waliokatiwa masomo walisubiri hadi Julai 2009, bodi ya Chuo Kikuu cha California ilipopitisha shahada za heshima kwa watu wapatao 700. Wengi walikuwa wamekwisha kufa. Obata mwenyewe hakuishi kuona taifa likiwaomba radhi wazuiliwa, jambo lililowekwa katika sheria ya Agosti 1988 pamoja na fidia ya dola 20,000 kwa kila aliyenusurika hadi siku hiyo.

Kwa hiyo onyesho la michoro hii katika chuo chochote kilichokuwa hai mwaka 1942 linapaswa kuwa na kabati la nyaraka za chuo chenyewe: barua za rais, orodha za wanafunzi walioondolewa, uamuzi wa kuwapokea au kuwakataa waliotoka kambini. Vipo katika jengo la jirani, na havina gharama ya kuvisafirisha.

Jiwe lililorudi

Mwaka 2020 watafiti wa mambo ya kale, wakichunguza kifo cha Wakasa, walitumia ramani ya wakati ule iliyokutwa Hifadhi ya Taifa. Kwa kuifuata, jiwe la kumbukumbu lililoamriwa kubomolewa 1943 lilipatikana. Halikuwa limeondolewa, wazuiliwa walikuwa wamelizika pale pale. Tarehe 27 Julai 2021, Jumba la makumbusho la Topaz, linalomiliki eneo la kambi, lililichimbua kwa mashine na kulihamishia Delta, mji wa karibu lilipo jumba hilo. Manusura na wazao hawakushirikishwa, wala hakukuwa na ibada. Uchungu uliofuata ulizaa kamati ya kumbukumbu ya Wakasa, na mazungumzo marefu juu ya nani ana kauli juu ya jiwe lile.

Nalileta hapa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba mchoro wa ramani uliolala ndani ya jalada ulionyesha, baada ya miaka 77, mahali hasa mtu alipouawa. Anayedhani michoro midogo ni takataka ya kando ya sanaa na aufikirie huo. Ya pili ni kwamba wenye nia njema ya kuhifadhi wanaweza kujeruhi kama hawakuuliza. Jiwe lingeharibika likiachwa, na hoja hiyo ilikuwa na uzito, lakini lilikuwa limevumilia udongoni karibu miaka 80, na wiki chache za kuwaita wazee zisingelimaliza.

Kama ningekuwa msimamizi wa mkusanyiko wa chuo unaopokea mchoro kama ule wa Wakasa, kadi yake ingesema kwamba Obata aliuchora kutokana na masimulizi, akiwa amejeruhiwa siku chache kabla na kulazwa katika hospitali ya kambi. Ingetaja jina kamili la marehemu kwa usahihi, umri wake, saa za jioni na mbwa wake, maelezo ya jeshi na yale ya uchunguzi, na hukumu ya mahakama. Ingesema karatasi ilipita mikono ya nani hadi kufika chuoni na kwa sharti gani. Rekodi ya jumba ingeunganishwa na masanduku ya nyaraka yanayohusika, popote yalipo, ili anayeufungua mchoro azione na barua. Ungetundikwa kwa miezi mitatu, katika chumba kimoja na picha ya mwezi juu ya Topaz ikiwezekana kuiazima, kisha ukapumzishwa. Na rasimu ya kadi hiyo ningeipeleka kwa warithi wa Obata na kwa kamati ya Wakasa kabla ya kuichapa, nikiwa tayari kuibadili.